Darubini ya Mjomba Selemani

Jumapili, 6 Aprili

Nimefuta tatu kwenye orodha. Zimebaki tano.

Shule leo (huku kwa Waarabu Jumapili ni siku ya shule) mwalimu wa Kiingereza aliniita nisome mbele. Sauti ikagoma. Nikasoma mistari miwili, darasa likawa linasubiri, akamwita mwingine. Sawa. Nimezoea.

Nyumbani kuna kazi ninayoiweza. Baba anakwenda likizo Tanzania tarehe ishirini na tano na anataka kumpelekea Mjomba Selemani darubini ya usiku. Mjomba ni kaka yake Mama. Kule kijijini kwetu Liwale yeye ndiye askari wa wanyamapori wa kijiji. Amekabidhiwa bunduki moja, kuukuu, ya kufukuzia nguruwe pori mashambani. Mahindi yanakaribia kukauka na nguruwe wanakuja kila siku giza likiingia. Anaamia shamba peke yake, juu ya dungu, kile kichanja cha miti, akiwa na tochi ya simu.

Baba kaniambia, "Zuhura, Kiingereza wewe unakila kama ugali. Nitafutie nzuri, ila isiniue."

Isimuue kwa bei, maana yake.

Jumanne, 8 Aprili

Zimebaki mbili.

Zile zinazoonyesha joto la mwili ndizo bora kabisa, lakini hata nikiuza figo hatufiki. Zile za zamani zenye picha ya kijani ni rahisi, ila kioo chake hakipendi mwanga. Ukimulikwa na taa ya gari kinaweza kuungua. Nimebaki na za dijitali. Zina taa yake ambayo jicho halioni. Betri inashika karibu usiku mzima. Nyingine, skopu ya kufunga juu ya bunduki, inataka uweke jicho karibu mno, na bunduki ya Mjomba inarusha teke kama punda. Angeamka na jicho limevimba. Hiyo nimefuta.

Nimetengeneza jedwali. Uzito, betri, umbali, inavumilia teke au haivumilii. Baba kalipiga picha akawaonyesha wenzake kazini, eti binti yangu injinia. Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Nilikaa kwa Mjomba miaka sita, darasa la kwanza hadi la sita, Baba na Mama wakiwa huku. Sikuwahi kulala njaa. Wageni wakisema mbona mtoto huyu hajibu salamu, yeye anawaambia, "Mwacheni, maneno yake yako njiani." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitetea hivyo. Kumchagulia kitu kizuri ni jambo dogo sana.

Alhamisi, 10 Aprili

Ngoja niandike hili. Hakuna wa kusoma.

Mwezi wa pili Mjomba alinitumia ujumbe wa sauti. Mimi tu. Alisema aliona kitu kinatikisa mahindi, akapiga. Haikuwa nguruwe. Alikuwa Bi Somoe, jirani, anatafuta mbuzi wake. Risasi ilitoboa ndoo aliyoishika mkononi. Yeye haikumgusa. Bi Somoe alikaa chini akacheka, halafu akalia, halafu akamwambia, "Selemani, mimi na wewe tumezaliwa leo." Bi Somoe hakumwambia mtu, hata mumewe.

Mjomba akaniambia, "Nakwambia wewe kwa sababu wewe husemi. Mama yako ana presha, asijue."

Sijasema. Nimekaa na ndoo ile kichwani miezi miwili. Nikiona ndoo bafuni naiona ina tundu.

Ndiyo maana alimwomba Baba darubini. Baba anadhani ni kwa ajili ya mahindi.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya Alasiri tulikwenda dukani, mimi na Baba. Duka la vitu vya jangwani: mahema, majiko, glavu za wanaofuga ndege vipanga. Mwenyewe ni mzee wa Kiyemeni mwenye meno ya dhahabu mawili. Baba akasema kwa Kiswahili chake, kwa kiburi kabisa, "Darubini!" Mzee akafurahi, akamwita rafiki kwa Kiarabu. "Darbil! Darbil, sadiq!" Wakashikana mikono kama ndugu waliopoteana.

Akatoa kwanza ndogo ya kushika mkononi. Ya jicho moja. Akauliza darbil ya mkono au ya bunduki? Baba akasema, "Bunduki, bunduki." Neno hilo nalo wakaelewana. Baba akanigeukia, "Unaona? Kiarabu chote ni Kiswahili kilichokaza koo."

Akatoa skopu. Ile ile niliyoiweka namba moja kwenye jedwali. Imepunguzwa bei, kwa sababu kasha lake limechanika. Nilitaka kuruka.

Mzee akatupeleka stoo, akazima taa. Giza tupu. Baba akaenda mwisho kabisa, kwenye mahema. "Nione basi!" Nikaweka jicho.

Nilimwona. Vizuri sana, kama mchana wa kijivu. Anacheka, anapunga mkono, tumbo limemtangulia. Na msalaba mwekundu wa kulengea umekaa juu ya kifua chake.

Nilisogeza kidogo. Ukaenda kwenye shingo. Nikasogeza tena. Usoni.

"Mzuri eh?" anasema gizani.

Nikasema ndiyo. Baba kaacha arbuni ili tuwekewe. Tutaichukua Alhamisi.

Sikula chakula cha jioni. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeusikiliza tena ujumbe wa Mjomba aliomtumia Baba, ule wa kuomba. Aliupitishia kwenye simu ya Mama. Nimeusikiliza mara tano, simu nimeibana sikioni.

Anasema hivi: "Shemeji, ukipata nafasi niletee darubini ya usiku, nitazame kwanza, ndipo nishike bunduki."

Nitazame kwanza. Ndipo nishike.

Hakusema ya bunduki. Baba alisikia darubini, akaiona bunduki. Akanipa mimi nitafute. Na mimi, mwenye Kiingereza, mimi mwenye lugha mbili, nikaandika skopu. Kwa Kiswahili darubini ni darubini tu, ya kutazamia ndege, ya kutazamia mwezi, ya juu ya bunduki. Kiingereza ndicho kilichonitaka nichague, na nilichagua bila kumuuliza mwenye kuomba. Wiki nzima nimepima teke la bunduki.

Skopu inafungwa juu ya mtutu. Huwezi kutazama mpaka uelekeze. Bi Somoe akipita tena, Mjomba atamwona vizuri kabisa, kidole kikiwa pale pale. Na Mjomba sasa mikono inamtetemeka. Aliniambia.

Kosa ni langu. Naandika ili nisilikimbie.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijasema.

Nilimwandikia Baba karatasi. Nikaichana. Kueleza kwa nini skopu haifai lazima niseme ndoo. Kusema ndoo ni kumsaliti Mjomba. Mtu pekee aliyeupenda ukimya wangu, nimlipe hivyo?

Baba ana zamu mbili leo. Akirudi ananisalimia "Injinia". 

Jumanne, 15 Aprili

Nimekaribia. Nilisema "Baba". Akasema "Naam mama". Nikaomba chumvi.

Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimesema.

Sijui nianzie wapi. Kesho ndiyo Alhamisi, siku ya kuchukua skopu. Nianzie hapo. Tulikuwa tumeswali Magharibi, Mama yuko jikoni anasonga ugali, Baba amesimama mlangoni anavua viatu. Maneno hayakuja. Nikachukua ufagio wa mpini mrefu, nikauweka begani kama bunduki, nikamwelekezea.

Baba akabadilika. "Zuhura! Weka chini. Mtu haelekezewi, hata kwa ufagio."

Nikasema, "Nakutazama tu, Baba."

"Hivyo ndivyo wanavyotazama watu?"

Nikasema hivyo ndivyo tutakavyomfanya Mjomba atazame. Halafu nikalia, halafu yakatoka yote. Ndoo. Bi Somoe. Mbuzi. Mikono. Ujumbe aliosema nitazame kwanza. Nilisahau kunong'ona. Nilipogeuka Mama yuko hapo, mwiko mkononi, ugali unadondoka sakafuni.

Nilifikiri ataanguka. Akauliza, "Somoe mzima?"

"Mzima."

"Ana mkwaruzo?"

"Hana. Ndoo tu."

Akakaa kwenye kiti cha viatu. Akasema, "Na wewe umekaa na hili tangu mwezi wa pili. Na mtihani umefanya ukiwa nalo." Akanivuta kichwa akakiweka kwenye kanga yake, inanuka moshi wa vitunguu. Presha haikupanda. Tulipima. Tuliipima mara mbili.

Baba alimalizia kuvua kiatu cha pili. Mwishowe akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyesikia vibaya. Nikasema langu. Mama akasema, "Haya, gombanieni kosa, mimi namalizia ugali." Tukacheka. Sikutegemea kucheka leo.

Nawashukuru. Hakuna aliyenipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele tu. Kwa upole sikujiandaa.

Alhamisi, 17 Aprili

Baba alikwenda peke yake kabla ya zamu. Mzee wa duka alimcheka mpaka meno ya dhahabu yote mawili yakaonekana. "Darbil ya mkono! Nilikupa ya kwanza hiyo, sadiq, wewe ukasema bunduki, bunduki!" Hakumnyang'anya arbuni. Ya mkono ni nafuu zaidi. Akampa na kamba ya kuvaa shingoni, bure. Mungu amzidishie.

Baba pia kampigia afisa wa wanyamapori wa wilaya, kuuliza kama inaruhusiwa. Afisa kasema ndiyo, anaandika barua aitume kwa simu. Vizuri.

Mimi nimemtumia Mjomba ujumbe. Nimemwambia nimesema. Kwa sauti yangu, si maandishi. Dakika mbili nzima, sijawahi kusema dakika mbili.

Tiki mbili za buluu, ameufungua. Hajajibu.

Ijumaa, 18 Aprili

Hajajibu.

Nilikaa karibu na simu hadi adhana ya Ijumaa. Mama kasema mtandao wa kule unajulikana. Lakini tiki ni za buluu.

Amenichukia. Ana haki.

Jumamosi, 19 Aprili

Amejibu. Asubuhi, nikiwa napiga mswaki.

"Mpwa wangu. Nilikwambia wewe kwa sababu husemi. Nikaenda kulala, nikajiona nimemtwika mtoto gunia langu. Nimetafuta namna ya kulichukua tena sikuipata. Alhamdulillah umesema. Jana nilikwenda kwa Bi Somoe, nikamweleza mumewe yote. Mume kanitukana vizuri. Halafu kanipa chai. Sikukujibu jana kwa sababu nilikuwa nanywa chai hiyo."

Nimeusikiliza na povu la dawa ya meno mdomoni.

Ijumaa, 25 Aprili

Baba kaondoka. Tulimsindikiza. Darubini iko kwenye begi la mkononi, imefungwa ndani ya soksi zake nene, na barua ya afisa juu yake. Mama kampa orodha ya salamu ndefu kuliko jedwali langu.

Nyumba kimya. Kimya kizuri.

Jumapili, 4 Mei

Baba kapiga simu ya video kutoka kwa Mjomba. Mama kashika simu, mimi nimechungulia begani mwake.

Mjomba ameizoea. Anaivaa shingoni siku nzima, watoto wanamwita mtalii. Alisimulia ya juzi. Yuko juu ya dungu, bunduki imelala sakafuni. Mahindi ya pembeni yakatikisika. Akatazama. Ni mtu, anasukuma baiskeli, ana mizinga miwili ya nyuki nyuma. Mjomba akakohoa. Mtu akashtuka, "Nani huko?" "Mimi Selemani. Pita." Akapita.

Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Alivyoisimulia ungedhani kamuua simba.

Nguruwe walikuja baadaye, wakati anamsindikiza yule mtu kwa macho. Hakuwaona mpaka wameshiba.

Mama akauliza wamekula kiasi gani.

Mjomba akasema mistari mitatu ya mahindi.

"Waache wale tu," Mama akasema.