Mji Uliotokana na Mfuko wa Shati

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili jioni, tarehe 9

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na goti linaendeleaje? Baba Mkubwa bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Sisi huku tunaendelea, isipokuwa kwa jambo moja ambalo mama amenikubalia leo nikuandikie. Kwenye simu hawezi. Anasema ataishia kulia tu.

Mama ana uvimbe kwenye titi. Hospitali walimkata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, na kesho asubuhi tunakwenda kuchukua majibu. Tafadhali kaa kwanza, unywe maji, ndipo uendelee kusoma.

Kungoja ndiko kulikomtesa zaidi. Alikuwa hali vizuri, halali, na hata kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda. Mimi nami, unanijua, nilikimbilia maktaba ya shule nikasoma kila nilichokikuta kuhusu mwili wa binadamu. Nikarudi nyumbani nimeogopa maradufu.

Kisha akaja mwalimu wangu wa hesabu, yule tunayemwita Kipimapembe, kuchukua shati lake. Akalivaa, akachomeka kalamu mfukoni, kalamu ikaanguka chini. Mama alikuwa ameushona mfuko kichwa chini, mdomo ukitazama sakafu na ncha ikitazama juu.

"Fundi," akasema, "huu ni mfuko au ni mtego wa kalamu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mama alicheka mpaka akajishikiza kwenye cherehani, na mwalimu naye akaangua kicheko. Sikuwa nimemsikia mama akicheka hivyo tangu aliporudi kutoka hospitali. Akaufumua ule mfuko, akamshonea mwingine palepale. Mwalimu alipoondoka, mama alikuwa bado ameshika ule wa kwanza, anaugeuzageuza.

"Miwani, hebu njoo. Hii si nyumba hii? Ona paa lake."

Na kweli, ile ncha ilikuwa paa kabisa! Akaushona juu ya kitambaa cheusi, akautilia mlango kutoka kipande cha gauni la bibi harusi. Kesho yake nyumba ikapata jirani. Sasa ni mji mzima, Mama Mkubwa! Una barabara ya zipu, taa za vifungo na mvua ya uzi wa fedha, na vyote vimetoka kwenye kapu la mabaki tuliyokuwa tukifutia vumbi. Huwa nakaa namtazama mpaka nasahau kitabu mapajani. Mikono ileile iliyoshindwa na tundu la sindano sasa inakata jani dogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Sijui imejifunzia wapi.

Baba, na sauti yake ile ya seremala aliyezoea kushindana na msumeno, aliinama akaukagua mji wote.

"Mama Miwani, mji mkubwa hivi hauna choo? Watu wako watajisaidia wapi?"

Basi mama akakishona, nyuma ya shule ya mji ule, chenye mlango mwekundu. Kila mteja akiingia baba anamwonyesha choo kwanza.

Mimi pia nimeshona kibanda. Kimepinda. Nilipotaka kukifumua mama alinizuia: "Kiache. Hata hicho kina wenyewe."

Juzi nilimwuliza kama wasiwasi umemtoka. "Wapi! Upo palepale. Ila nikianza kushona, nao unanyamaza, unatazama ninachofanya." Katika vitabu vyote vile sikukuta sentensi kama hiyo.

Leo amekata mto wa kupita katikati ya mji kutoka kitambaa cha bluu, akaubana kwa pini, akauacha. Nikamsihi tuumalize kabla ya kesho. Akasema, "Huo nitaumalizia nikirudi." Wiki zote hizi alikuwa akisema "nikiwepo". Leo amesema "nikirudi", kama mtu anayekwenda sokoni. Nilitoka nje nikasimama peke yangu kidogo.

Nisalimie Baba Mkubwa, dada na yule mjukuu wako mwenye mashavu. Barua hii nitaiweka posta tukiwa njiani kwenda hospitali, kwa hiyo utakapoifungua sisi tutakuwa tumeshajua. Tuombee hata hivyo. Sidhani kama Mungu anafuata tarehe za posta. Naye akulinde, akupe goti jipya.

Mimi binti yako, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kutamka,

Miwani