Kwa Nini Jemadari Anachechemea

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, mama na wanangu wawili. Natumaini mgongo wa mama umetulia tangu mlipobadilisha godoro, na kwamba wewe bado unagombana na redio za watu pale kibandani kwako. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Habari za moyo utazikuta mbele ya barua.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Ungetia mzaha wako, ningecheka, tungeagana, na neno lingebaki kooni kama lilivyobaki miaka yote. Karatasi haimkatizi mtu.

Kwanza kazi, maana najua watoto wanakusumbua. Ni kweli, filamu mpya ya Jemadari inatoka mwezi ujao. Hii si ya vita kama zile tatu zilizotangulia, ingawa ngumi zimo za kutosha. Inaeleza alikotoka. Kabla hajawa mkubwa wa roboti wote alikuwa roboti wa kubeba mawe mgodini, hana cheo wala jina, ana namba tu kifuani. Mwambie yule mdogo kwamba ile rangi nyekundu ya mabegani haikuwapo mwanzoni. Alikuwa na kutu tupu.

Msidhani baba yao mdogo ndiye aliyetengeneza filamu nzima, hata kama wamekwisha kutangaza hivyo shuleni. Tuko kama mia tatu, kila mmoja na kipande chake: huyu moshi, yule macho, mwingine vumbi tu mwaka mzima. Mimi nilipewa mwendo wa Jemadari, jinsi anavyochechemea. Sekunde moja ya kutembea ni picha ishirini na nne, na siku nikibahatika namaliza sekunde mbili. Mapazia ya chumba chetu hayafunguliwi, mwanga usije ukatudanganya rangi kwenye skrini. Kila mtu ana hedifoni masikioni. Jirani yangu wa meza tumekaa bega kwa bega miezi kumi na tisa, na ninachokijua juu yake ni kwamba hula ndizi saa nne. Mara ya kwanza aliponisemesha aliniomba nisogeze kiti.

Nimekuwa mpweke, Kaka. Siku za mapumziko hufua shati ambalo halijachafuka, ili mchana upite. Jumapili moja niligundua kwamba tangu Ijumaa sijatamka neno, nikajisalimia kwenye kioo, nikajiitikia. Ukicheka una haki, hata mimi nilicheka.

Mwendo wenyewe haukunisumbua. Mwingine angetafuta video za wagonjwa aige. Mimi nilifumba macho nikakuona ukitoka bafuni na ndoo. Bega la kulia linatangulia, nyonga inafuata, na mguu wa kushoto unaletwa mwisho kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Mwongozaji, ambaye sisi tunamwona kwenye skrini tu, alisifu akauliza nimeutoa wapi. Nikasema nimeubuni. Sikuweza kumweleza kwamba ulipotoka hospitali watoto wa mtaa walikuita Jemadari, kwa ajili ya yule roboti anayechechemea wa kwenye katuni ya televisheni, nawe ukacheka kuliko wao.

Kazi iliyonishinda ni nyingine. Nilitia saini kwamba sitamsimulia mtu hadithi kabla filamu haijatoka, lakini siwezi kukuacha uikute ukumbini, umekaa katikati ya wanao. Safari hii wanaonyesha kwa nini Jemadari anachechemea. Mgodini ana mwenzake, roboti mdogo anayemfuata kila aendako. Siku moja Jemadari anashushwa shimoni kwa mnyororo, na mdogo ndiye aliyeushika huko juu. Asubuhi yake wamegombana. Mdogo anaachia, Jemadari anaanguka, mguu unapondeka. Kwa kuwa mguu ulikuwa kazi yangu, na ule mkono wa mdogo unaoachia nikapewa mimi.

Niliufanya mara saba, na mara saba ukarudishwa. Mkuu wetu, mama mmoja mpole anayevaa sweta hata kukiwa na joto, akaja mwenyewe mezani kwangu. Alisema mkono unapendeza, ila kila mara mnyororo unauponyoka, na mtazamaji ataona ni ajali. Hadithi inataka aachie kwa kupenda. Akanionyesha kwa mkono wake: vidole vinafunguka kwanza, ndipo mnyororo unakwenda. Mimi mara zote nilikuwa nimeanza na mnyororo. Akaniuliza kama kuna kitu sikielewi, nikamjibu naelewa. Mara ya nane niliimaliza kwa siku moja tu, ikapita bila neno. Nikaenda chooni nikalia.

Kaka, ngazi haikuteleza.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na minne. Ulikuwa juu ukizungusha antena ili tupate katuni ya Jumamosi, mimi nimeshika ngazi chini. Nilikuwa nimeupoteza mpira wako, ukasema ngazi nitashika lakini katuni sitaangalia. Hasira zikanipanda. Nikafungua vidole, nikarudi nyuma hatua moja. Nilitaka uogope tu. Lakini mama alikuwa ametoka kuosha uani, sakafu ina maji, nami nililijua hilo. Nilijua, nikaachia.

Mama alipokuja mbio nikasema imeteleza. Baba akakugombeza ukiwa bado umelala chini, kwamba ni ukaidi wako kuweka ngazi penye maji, na amekufa akiamini hivyo. Ulikuwa uwe mwashi kama yeye, lakini mguu ule haukupanda jukwaa tena, ukaishia kwenye redio. Nawe, una plasta hadi nyongani, ukasikia kwamba sili. Ukaniita kitandani kwako kwa jina la utani ulilonipa kwa kukufuata kila mahali, ukasema: Mkia, si kosa lako. Umelirudia neno hilo kila nilipolia, miaka ishirini na sita, na kila mara nimelipokea.

Msalimie shemeji. Mama nitamwambia mwenyewe, hapo usinisaidie. Watoto wape busu, na habari hii wape au uwanyime, utakavyoona. Wewe kasirika, nyamaza mwaka mzima ukitaka, ukimya nimeuzoea. Ila ukija kunijibu, nakuomba, safari hii usiniambie si kosa langu.

Ni mimi mdogo wako,
Mkia