Samansi Iliyogeuzwa Kola

Mwenzangu, nimetoka mahakamani sasa hivi. Yule mkwe wangu fundi cherehani amepelekwa rumande!

Wala si kwa ile kesi ya kumgonga jirani kwa baiskeli. Hiyo ingeisha kwa karipio tu. Ni kwa kutofika siku aliyoitwa! Leo askari wamemtoa kwenye cherehani, shati jipya mwilini, wakiwa na hati ya kumkamata.

Hakimu kamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Akatoa karatasi mfukoni. Samansi, mwenzangu, imekatwa umbo la kola! Eti alikosa karatasi ngumu ya kupimia kitambaa. "Mheshimiwa, tarehe ilikuwa kwenye kipande nilichotupa."

Kipande alichotupa!! Mtu mzima na ndevu zake.

Hakimu hakucheka. Dhamana imefutwa, atakaa ndani mpaka kesi iishe. Na mimi mdhamini wake, bibi wa wajukuu saba, nikasimamishwa nieleze kwa nini sikumleta.

Alipokuwa anafungwa pingu nikamuuliza, "Baba, kola yenyewe ilikuwa ya shati la nani?"

"La kujia mahakamani, mama. Si hili nililovaa?"

Nikalitazama vizuri. Mwenzangu, hata kola imekaa upande.