Jedwali la Mto Nililolijaza kwa Kwenda Chini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaizoea aibu hii, maana nahisi nimeshaanza kuizoea.

Mimi naandika programu za kompyuta katika ofisi inayokadiria mafuriko ya mto, na kazi yetu ni kujaza jedwali kubwa la namba, mistari elfu arobaini, kila mstari dakika moja, na safu elfu ishirini, kila safu kipande kimoja cha bonde, likishajaa ndipo tunajua maji yatafika wapi na watu waambiwe wahame. Programu niliiandika mwenyewe, ikawa inachukua saa nne nzima, na msimu uliopita onyo liliwafikia watu maji yakiwa tayari uvunguni mwa vitanda, nashukuru hakufa mtu, lakini mkuu wetu alituita kutaka sababu, na mimi bila kufikiri nikasema, "Mashine imechoka, mkuu. Haitunzwi vizuri."

Sasa mtunza mashine ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenifundisha kazi, na siku ileile akahamishiwa stoo kupanga viti vibovu, mashine ya zamani ikatupwa hukohuko stoo, ikaletwa mpya, nayo ikachukua saa tatu na nusu. Hapo nikaogopa, nikaisoma programu yangu upya kama imeandikwa na mtu mwingine. Zamani tulipokuwa tunajaza kwenye karatasi, shemeji alinifundisha kusimamisha rula wima, ujaze safu moja toka juu hadi chini ndipo uhamie nyingine, usije ukachanganya namba, na mimi nikaipa kompyuta mwendo uleule wa rula, kumbe yenyewe inazihifadhi namba mstari baada ya mstari. Nikabadilisha nafasi za amri mbili tu, ijaze kwa kwenda kando, jedwali likajaa kwa dakika kumi na nane.

Mkuu anaisifu mashine mpya na mimi nimenyamaza. Jumapili mke wangu alitoka kwa kaka yake, akaniambia, "Kaka anasema huenda ni kweli, huenda amezeeka na hakuuona ubovu." Chakula kilinishinda. Nikisema ukweli naweza kufukuzwa, na nina watoto watatu. Je, haitoshi nikimwomba shemeji msamaha kimyakimya, mambo yaishie nyumbani?

Ni mimi, Mwenye Rula.

*

Mwenye Rula, haitoshi. Ulimsema mbele ya watu, huwezi kumsafisha uani.

Nakuonea huruma kwa jambo moja. Kosa la programu ni kosa la kazi, na kila fundi analo. Nimemuuliza mpwa wangu anayeijua kazi yenu, akanieleza hivi: kompyuta ikifuata namba moja, huja na majirani zake wa mstari uleule. Ukienda kando, majirani wako tayari mkononi. Ukienda chini, umechota ndoo nzima kisimani, umetumia kikombe kimoja, umemwaga iliyobaki, umerudi kuchota tena. Hata mashine mpya ingechoka na safari hizo. Hilo hukulijua, basi.

Lakini kumtaja shemeji yako hukufanya kwa kutojua. Ulitafuta mtu wa karibu asiyeweza kukujibu, kwa sababu dada yake analala nyumbani kwako. Na hiyo rula usinitajie tena kama utetezi. Yeye alikufundisha kujaza karatasi, na kwenye karatasi alikuwa sahihi. Mficha uchi hazai, baba, na wewe unauficha huku mwenzio anaumia.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla hamjakaa kula, mwambie mkeo yote, naye akikasirika mwache akasirike. Kesho asubuhi ingia kwa mkuu peke yako, useme, "Kosa lilikuwa kwenye programu yangu, na nilimsingizia mtu." Usianze na watoto wako watatu. Kama utafukuzwa sijui, siwezi kukudanganya. Ninachojua ni kwamba msimu ujao watu wa bondeni watategemea ofisi ambayo haijui kilichochelewesha onyo, na mwingine ataandika programu vilevile ulivyoandika wewe.

Kisha omba mashine ya zamani itolewe stoo. Si iko hukohuko na shemeji yako? Mwombe ailete yeye, aifute vumbi, aiwashe kwa mkono wake, wote mliokuwa kwenye kile kikao mkiwepo. Iendesheni programu yako ya kwanza hadi mwisho, hata kama ni saa nne, mkae mngoje. Halafu endesheni ya pili, ile uliyoirekebisha, kwenye mashine hiyohiyo.

Itakapomaliza mapema, usizungumze wewe. Mwache yeye asome muda kwenye kioo cha mashine, kwa sauti, kwa macho yake hayohayo anayodhani yamezeeka.