Nyongeza ya Juma

Sofu, Jumanne jioni

Eti waranti imekufa kwa sababu prosesa iliongezwa kasi! Na nani aliyeiongeza, kama si yeye Juma muuzaji?

Siku nanunua kompyuta dukani kwake niliomba nyongeza, kama anavyoomba mtu yeyote. Nilitaka mausi tu. Akacheka. "Mausi ya nini, dada? Ngoja nikuongezee spidi." Akaingia kwenye mipangilio, akabonyezabonyeza, na mimi nikamshukuru kama mjinga.

Leo nimempelekea haiwaki kabisa. Ameifungua, kisha bila haya: "Prosesa imeungua. Imelazimishwa kupita kiwango cha kiwandani. Hapo waranti hakuna, dada."

"Aliyeilazimisha ni nani?"

Akageukia mteja mwingine.

Naogopa, sijidanganyi. Ile video ya harusi ya Kisarawe sijamaliza kuihariri, na mama wa bibi harusi ameshaanza kupiga simu. Nitamwambia nini?

Lakini kunyamaza, thubutu! Kesho anafungua duka ananikuta mlangoni. Nitakaa kwenye benchi lake mpaka aitengeneze, na kila mteja atakayeomba nyongeza nitamwambia kwa sauti: "Chukua mausi!"