Jeti za Kukodi, Kombaini ya Mzee

Jumanne, 2 Septemba

Mombasa kwenda na kurudi, kisha Kisumu. Nimefika Njoro jua likikaribia kuzama. Baba Imani alitua mapema kutoka Lodwar. Nimemkuta kwenye kochi, viatu miguuni, anakoroma. Ng'ombe hajakamuliwa. Nimemkamua mimi, na sare ya kapteni mwilini. Imani amecheka hadi akakaa chini.

Ujumbe wa ofisi umeingia nikiwa bado na ndoo mkononi. Kampuni inapunguza. Itabaki na aina moja tu ya ndege za abiria. Ama jeti za kukodi zirudishwe kwa mwenyewe, ama zile kuukuu za propela, mali ya kampuni, ziuzwe. Marubani wapige kura, wakubwa watafuata. Nimesahau hata kuchemsha maziwa.

Jumatano, 3 Septemba

Niandike wazi nisije nikajidanganya. Mimi narusha jeti. Mume wangu anarusha propela. Leseni ya rubani inataja aina ya ndege. Ndege ikienda, naye ameenda. Kufunzwa upya ni ghali na kampuni imeshakataa. Kwa hiyo mmoja wetu atabaki nyumbani.

Naogopa. Sitaki awe mimi. Nimemtazama akimfunga Imani kamba za viatu, na bado nikawaza hivyo hivyo.

Tumekubaliana jambo moja: hakuna habari za ndege mezani.

Ijumaa, 5 Septemba

Sheria imevunjwa leo, kabla hata ugali haujakatwa. Yeye: ndege zake ni nzee lakini zimelipiwa, zikilala chini hazidai kodi. Mimi: zinalala chini kweli, ndiyo kazi yake siku hizi, ndani ya karakana zikingoja spea. Yeye: jeti itatua Lodwar, kwenye uwanja ule mfupi? Mimi: aliyezikodi hakujua Lodwar iko wapi?

Hapo tukapatana. Mkurugenzi alizichukua wakati wa neema, kodi kwa dola, bila kumuuliza rubani yeyote. Tumemsengenya pamoja hadi chai ikapoa. Halafu nikakumbuka kwamba sisi ndio tutakaolipa, nikaondoka mezani.

Jumatatu, 8 Septemba

Chumba cha marubani kimegawanyika. Watu wa jeti dirishani, watu wa propela karibu na birika. Tuliozoea kutaniana sasa tunaitana Kapteni Fulani, kwa adabu ya matanga. Wakubwa wametutupia mfupa mmoja, wamekaa pembeni kutazama. Hakuna mkurugenzi hata mmoja anayepunguzwa.

Halima, rubani msaidizi wangu, amemaliza mafunzo ya jeti juzijuzi tu. Hajui kurusha kingine. Ameniuliza kama tutashinda. Nikamwambia tutashinda, kwa sauti ile ninayowapa abiria wakati wa mtikisiko.

Jumamosi, 13 Septemba

Mkutano Kamere, kando ya ziwa, mbali na masikio ya ofisi. Samaki wa kukaanga, soda, na kelele. Pande mbili karibu zilingane. Waliobaki ni wale wa ndege ya mizigo. Wao hawaguswi, kwa hiyo ndio waliokuwa wakibembelezwa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Mafuta, matengenezo, usalama, yote. Nilisema, na niliona wanaanza kunielewa.

Ndipo Baba Imani akasimama. Mtu ambaye hajawahi kufungua mdomo mkutanoni tangu nimjue.

"Mimi ni mkulima pia," akasema. "Mwaka jana ngano yangu imeiva, kombaini ya kukodi ya kuvunia iko kwa mtu mwingine kule Mau Narok. Nikipiga simu naambiwa kesho, boss, kesho. Mvua haikungoja hiyo kesho. Kitu ya kukodi ni ya mwenyewe. Siku unaihitaji ndiyo utajua."

Watu wa mizigo wakaitikia kwa vichwa.

Nikarudisha samaki sahanini. Ile ni ngano yetu! Nililia katika lile shamba, nimeshika masuke yaliyoota ukungu. Na ameeleza nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba kombaini tunayo. Ya marehemu baba yake, yetu wenyewe, haidaiwi hata senti. Ilikuwa uani, giaboksi imekufa, spea zinangojwa. Kuku alikuwa ameatamia ndani ya tangi la nafaka, na mama mkwe alikataza mtu asiiguse hadi vifaranga vitoke. Ndiyo sababu tulikodi.

Nilisimama. Mwenyekiti akanipa nafasi. Maneno machache tu yangetosha. Kamere nzima ingecheka na watu wa mizigo wangenirudia. Nikamtazama Baba Imani. Alijua ninachotaka kusema. Hakukwepesha macho, alikaa tu akingoja nimvue nguo mbele ya wenzake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Nikasema nimeacha gari juani, nikatoka.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani tumeshikiana kitabu kimoja cha nyimbo na hatukutazamana. Nina hasira. Shukrani sizitaki. Nilitaka aiseme mwenyewe ile nusu ya pili, pale pale, nilipokaa kimya kwa ajili yake.

Jioni nimezunguka uani. Kombaini iko pale pale. Kuna kuku mwingine ndani. Nimeipiga teke nikaumia kidole.

Jumanne, 16 Septemba

Tumeshindwa kwa kura chache. Watu wa mizigo wote wamekwenda kwake.

Halima amepiga simu. Nilidhani atalia, hakulia. "Kapteni, ulisimama pale Kamere. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Nikamwambia ni gari, lilikuwa juani.

"Sawa, Kapteni," akasema, na akakata.

Hili ndilo ambalo sikulipigia hesabu. Nilidhani ninatoa kazi yangu. Nimetoa na yake, bila kumuuliza, ili mume wangu asichekwe. Najiona mbaya kuliko mkurugenzi.

Ijumaa, 26 Septemba

Barua ya kuachishwa kazi imekuja. Imejaa shukrani. Baba Imani ameisoma, akaikunja vizuri, akaenda kufungia kuku. Hatugombani. Afadhali tungegombana.

Jumapili, 5 Oktoba

Tumegombana. Nimemwambia yote, hadi Halima. Amenisikiliza mikono magotini. Akasema aliogopa. Akasema alipoona nimesimama alitaka niseme, na alitaka nisiseme. Nikamwambia mimi pia niliogopa, tena nilianza kuogopa mapema kuliko yeye. Imani amekuja kuuliza kama tunapigana. Tukasema tunaongea juu ya ndege.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo mimi na Halima tumerudisha jeti ya mwisho. Tumeipeleka Entebbe, ambako watu wa mwenyewe walikuwa wanaingoja. Jina la kampuni lilikuwa limeshapakwa rangi nyeupe. Nimemwachia Halima aitue. Ametua vizuri kuliko mimi, na nimemwambia. Wale watu wameikagua kama wanaonunua ng'ombe, hadi meno. Nikatia sahihi.

Tumerudi kama abiria. Ndege ya propela, kelele tupu, kiti hakilali. Kapteni ni nani? Ni Baba Imani. Halima alikaa kando yangu kwa sababu ndege ilikuwa imejaa.

Tumepita Kisumu, chai ya Kericho, msitu wa Mau. Kisha mashamba ya kwetu, ya manjano, tayari kuvunwa. Kipaza sauti kikalia.

"Wapendwa abiria, upande wenu wa kulia ni Njoro. Kuna shamba la ngano pale, na uani kuna kombaini ya zamani. Ni yangu, sidaiwi. Mwaka jana ilikuwa imekufa na kuku anaatamia ndani. Ndiyo maana nilikodi, na ndiyo maana nilinyeshewa. Kuna watu niliwaambia hiyo hadithi nusu. Leo nimewaambia yote."

Abiria wakacheka. Mzee wa kiti cha mbele akapiga makofi.

Halima hakucheka. Alitazama ngano hadi ikabaki nyuma yetu. Kisha akaniuliza, polepole, kama kweli lile gari lilikuwa juani.

Nikamwambia lilikuwa kivulini.