Ukurasa wa Lebo Nyeupe

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia meza. Jibu lako lilifika. Lile gitaa ni la mwaka uleule uliosema. Lakini mwanangu, mpaka nichungulie namba kwenye lebo iliyobandikwa ndani ya gitaa, nikuandikie, nawe utafute mwaka wake kwenye daftari letu lenye ukurasa kwa kila rangi ya lebo, wiki tatu zimepita na mteja amenuna. Bosi amemleta mpwa wake kujifunza kutengeneza magitaa, msichana wa rika lako, macho makali kama sindano. Nitumie daftari, atakuwa anatafuta yeye.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Sote wazima, Mama anakusalimu. Daftari hili hapa. Kwa bahati mbaya, ukurasa wa lebo nyeupe umeliwa na panya. Huyo Macho Sindano anajua kukushikia taa isikupige machoni? Anakuchekesha? Naomba uendelee kuniandikia, hata kama huna namba ya kuuliza.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya; kazi zimetuzidi. Jana alikuja mzee mmoja na gitaa la marehemu baba yake, lenye kifua kilichobinuka. Aliambiwa lilinunuliwa jipya mwaka aliozaliwa, 1951. Kaka zake wanamwambia alidanganywa ili ajione mpendwa wa marehemu. Lebo nyeupe, namba 23417. Nilimjibu sijui. Akalifunga kwenye shuka, akaondoka bila kuaga.

Yule msichana akapitisha kidole kwenye daftari, pale penye ukurasa uliopotea, akauliza, "Fundi, panya wa kwenu wanatumia rula?" Nikamwambia panya wetu ana miaka kumi na mitatu, na shuleni anapata alama nzuri. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Baba yako

25 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi nina aibu. Ukurasa huu hapa. Niliuficha chini ya godoro. Niliona wivu. Nilidhani akishajua miaka yote, hutakuwa na sababu ya kuniandikia, na uliponyamaza nikasema, si nilijua!

Namba ya mzee iko kwenye mstari wa 1951. Hakudanganywa. Tafadhali mtafute umwambie.

Na mwambie mwenzangu Macho Sindano awe makini: moja nilizoandika kwenye kurasa za mwanzo zinafanana na saba, nilikuwa bado mdogo. Akikwama, aniandikie mwenyewe.

Mwanao